Jezi Namba Kumi na Nne Imerudi Kavu

Chumba cha Dobi, Chuoni
12 Septemba

Dada yangu mpenzi,

Kaa chini kabla hujasoma, maana ukisoma umesimama utaanguka na cherehani za kiwanda zitakushona pamoja na mashuka. Mdogo wako nilizaliwa na bahati. Wengine huzaliwa na pua kubwa, wengine na masikio kama ya shangazi yetu yule uliyekuwa unamwogopa. Mimi nilizaliwa na bahati, ila ilichelewa njiani. Sasa imefika, na imekuja na mizigo yake yote.

Kwanza, kazi nimepata. Mimi ni Dobi Mkuu wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya hapa chuoni. Usiniulize madobi wadogo wako wangapi. Mkuu ni mkuu.

Pili, kocha. Ni mama mfupi mwenye sauti ya king'ora. Siku ya kwanza tu alinitazama akaona huyu si mtu wa kuachwa nyuma. Nimepewa kiti cha mbele, dada. Mbele kabisa! Mpira ukitoka nje unanigonga magoti. Watu wenye suti zao wako nyuma yangu wanalalamika kichwa changu ni kikubwa. Nawaambia kichwa hiki kimejaa, vumilieni.

Jumamosi tumefungua msimu. Themanini na nane kwa arobaini na moja. Wale wageni walipiga kelele robo ya kwanza, robo ya pili wakanong'ona, robo ya nne ungesikia sindano yako ikianguka. Na binti yako! Alipotua kutoka juu, sakafu ilitetemeka hadi kwenye meno yangu. Kamba ya kikapu ikasema fyuu, ukumbi ukalipuka.

Uliniambia nikiwa huku niwe macho yako. Basi macho yako yamekaa mstari wa mbele, wala hayapepesi.

Mdogo wako,
Dobi Mkuu

*

Kiwandani
25 Septemba

Mdogo wangu,

Barua yako imefika ikinukia sabuni. Hilo la kazi nimeliamini. Mengine bado nayatafuna.

Endelea kuandika, usipige simu. Simu ya hapa iko juu ya meza ya msimamizi, na ukiinua mkono wa simu mashine zote zinanyamaza ili watu wasikilize mambo ya kwako.

Nimefurahi mwanangu anacheza vizuri. Lakini nakukumbusha tulilokubaliana mimi na yeye siku alipoondoka, kwa sababu wewe ukishashangilia unasahau mpaka jina lako. Chuo kile kinamsomesha kwa sababu anaruka. Siku asiporuka je? Hapa nimewaona wanawake walioshona miaka ishirini mpaka vidole vikapinda. Siku wasipofikisha idadi wanaambiwa asante mama, geti lile pale. Mimi sitaki mwanangu aonyeshwe geti na watu. Nilimwambia, na wewe nakwambia: siku atakayoumia, siku hiyo hiyo anarudi nyumbani. Nafasi ya cherehani iko hapa kando yangu, nimeshaongea na msimamizi.

Kwa hiyo usiniandikie vikapu tu. Niandikie magoti, mgongo, vifundo vya miguu. Anakula? Analala?

Dada yako

*

Imefungwa kwa pini ndani ya mfuko wa nguo chafu namba 14
29 Septemba

Mpwa wangu,

Nakuandikia kwa sababu ukipita mlangoni kwangu unapita mbio kama umeiba ndoo. Tena, unakimbia na mguu mmoja, wa pili unaukokota nyuma kama mtoto asiyetaka shule.

Shule mimi niliishia darasa la tano, lakini la tano langu lilikuwa zito. Nguo nazisoma bila miwani. Jezi ya nahodha wenu ikitoka mchezoni ina uzito wa mtoto mchanga. Namba saba hutoka jasho mgongoni tu, kama amepigwa muhuri. Namba kumi anafutia mikono kwenye bukta, mwambie aache, taulo ninafua za nini? Ila yako, mpwa wangu, mechi tatu sasa inarudi kavu. Imekunjwa vizuri na inanukia sabuni yangu mwenyewe. Nafua nguo safi! Kwa dobi hilo ni tusi.

Mnawafunga watu kwa pointi hamsini. Mkiongoza hivyo hata mimi kocha angeniingiza. Wewe hakuingizi kwa nini? Umegombana naye? Niambie niende nikaongee naye, mimi nina maneno.

Jibu kwa mfuko huu huu. Pini nirudishie.

Mjomba

*

Ndani ya mfuko namba 14
30 Septemba

Shikamoo mjomba,

Sijagombana na mtu. Ni goti. Mwezi wa nane, wewe hujaja, tukiwa mazoezini nilitua juu ya mguu wa mwenzangu. Goti likaenda upande wake na mimi upande wangu. Daktari wa chuo anasema kano imechanika, hakuna kuruka msimu huu wote. Kocha akaniambia, "Kilichoumia ni goti, si jina lako kwenye orodha. Jezi utavaa, benchi utakaa, darasani utaenda." Sijui kwa nini, lakini ninamwamini.

Mama hatamwamini. Unajua alichosema. Nimebakiza mwaka mmoja na nusu nimalize, mjomba. Nikirudi nyumbani sasa sitatoka tena. Nakuomba usimwambie.

Halafu mama kaniandikia kwamba unakaa kiti cha mbele, na kwamba nilipotua sakafu ilitetemeka hadi kwenye meno yako. Mjomba, benchi letu linatazamana na viti vya mbele. Nilikuwa nimekaa pale mechi nzima, goti limefungwa. Sikukuona.

Sitakuuliza. Wewe nifichie goti, mimi nitakufichia kiti.

Mpwa wako
(Pini hiyo hapo.)

*

Chumba cha Dobi
20 Oktoba

Dada yangu,

Samahani kwa ukimya, ushindi nao unachosha. Tumecheza tisa, tumeshinda tisa. Juzi ilikuwa tisini na sita kwa thelathini na nne. Refa mwenyewe alianza kuona haya, filimbi ikawa inatoka kidogo kidogo kama mtu anayekohoa mbele ya wakwe.

Binti yako pointi ishirini na mbili. Ningeweza kusema thelathini lakini mimi si mtu wa kuongeza. Sasa nimeshamjua hata nikifumba macho: mpira wake unadunda mara mbili, kimya kidogo, halafu kamba inasema fyuu. Nahodha yeye hudundisha mara nyingi kama mtu anayebisha hodi kwa mwenye nyumba kiziwi. Namba saba anaburuta kiatu cha kulia.

Uliniuliza magoti. Magoti yapo, mawili. Mgongo upo. Vifundo vipo, idadi ile ile uliyomzaa nayo. Anakula mpaka mpishi wa chuo analalamika. Analala mpaka wenzake wanamgongea mlango. Ukiona mtu mzima kama mimi anakwambia hivi, chukua shuka, endelea kushona.

Mdogo wako,
Dobi Mkuu

*

Kiwandani
2 Novemba

Mdogo wangu,

Nawasomea wenzangu barua zako wakati wa mapumziko. Ile ya refa kukohoa mbele ya wakwe imezunguka ukumbi mzima, hadi wa mashine ya vifungo amecheka, na yeye huwa hacheki tangu aachwe. Lakini huyo huyo wa vifungo akaniambia, "Dada, kaka yako anaongea vizuri mno. Watu wakweli huwa wanababaika kidogo."

Nikamwambia subiri. Basi nifanyie jambo moja ninyamazishe midomo ya watu. Nitumie jezi ya mwanangu na bukta yake, zile alizochezea. Na usizifue. Nimesema usizifue, wewe mwenye mkono mwepesi wa sabuni. Nataka nione jasho la mwanangu kwa macho yangu. Mimi ni mtu wa kitambaa, maneno huwa yananipita.

Dada yako

*

Chumba cha Dobi
18 Novemba

Dada yangu,

Ombi lako limetua kwenye mikono ya mwenye bahati. Wiki hii hii timu imepewa jezi mpya, za zamani zinatolewa. Wengine wanazigombania kama nini, mimi nikanyoosha kidole tu.

Kwenye kifurushi utakuta jezi namba kumi na nne na bukta yake, moja kwa moja kutoka uwanjani, sijagusisha hata tone la maji. Fungua dirisha kabla hujafungua karatasi. Mechi ilikuwa ngumu, themanini na tatu kwa hamsini, na mtoto alitoka jasho kama aliyekuwa akibeba mawe.

Mwambie wa vifungo anuse.

Tumefikisha kumi na tatu kwa kumi na tatu.

Dobi Mkuu

*

Kiwandani
1 Desemba

Mdogo wangu,

Kifurushi nimepokea. Nimekipeleka dirishani, nikaangalia kila mshono, ndani na nje. Wa vifungo amenusa, amerudi kwenye mashine yake.

Mwambie mwanangu nimeiona kazi yake.

Dada

*

Ndani ya mfuko namba 14
8 Desemba

Mpwa wangu,

Mama yako kameza chambo, ndoano na kamba! Nakunukulia: "Mwambie mwanangu nimeiona kazi yake." Kazi yako! Kazi ya nani? Mimi ndiye niliyevaa jezi yako nikazunguka kamba za kuanikia raundi kumi na sita, jua la saa saba, kitambi kimetangulia, hata kumi na nne ikatanuka ikawa kama inataka kuwa mia na arobaini. Mlinzi wa geti aliniona akauliza, "Mzee, unafukuzwa?" Nikamwambia nafanya kazi ya kitaalamu. Nilipomaliza nilikaa kwenye beseni nusu saa kabla pumzi haijanirudia.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mjomba wako hana mchango kwenye timu hii, mwonyeshe mimi.

Goti linaendeleaje? Ile nafasi uliyojitengenezea kwenye mguu wa bukta mpya inatosha bandeji? Ukitaka sindano nene ninayo.

Mjomba

*

Bwenini
3 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nne. Hii ya tano naituma hata ikitoka vibaya.

Sijacheza mechi hata moja msimu huu. Goti la kushoto, kano ilichanika tangu mwezi wa nane. Pointi zote alizokuandikia mjomba hazikuwa zangu. Usimkasirikie, mimi ndiye niliyemwomba. Likizo ya Desemba nilikwambia tuna kambi. Kambi haikuwepo. Niliogopa utaniona nikipanda ngazi.

Tumeshinda ishirini na moja, mama, hakuna aliyetufunga. Kila tukishinda wananikumbatia na mimi nahisi kama nimevaa nguo ya mtu. Mwanzoni nilikuwa nakaa tu. Halafu mwezi wa kumi, kwa sababu sina la kufanya, nikaanza kuangalia wapinzani. Nikaona yule wao mrefu kabla hajaenda kushoto anagusa nywele. Nikamwambia nahodha. Wakati mwingine nikaona lingine. Sasa kocha kanipa daftari, kila mchezo ukisimamishwa ananigeukia mimi kwanza: "Haya, Kumi na Nne, umeona nini?" Sijui kama hiyo ni kazi. Lakini jezi ninavaa, na darasani sijakosa.

Najua tulichokubaliana. Nimebakiza mwaka mmoja na miezi. Ukisema nirudi nitarudi. Nimechoka tu kukudanganya.

Mwanao

*

Kiwandani
14 Februari

Mwanangu,

Nilijua tangu tarehe moja Desemba.

Mjomba wako alinitumia jezi imetanuka tumboni. Wewe huna tumbo. Mabegani, ambako mtu anayerusha mpira huvuta kitambaa, imesimama kama siku ilipotoka dukani. Na jasho lile nalifahamu, nilimbeba mtu huyo mgongoni miaka mitatu. Nilicheka mpaka msimamizi akaja.

Halafu nikachukua bukta, kicheko kikakatika. Mguu wa kushoto mshono umefumuliwa vidole viwili, pembeni kimeongezwa kipande, umeshonwa upya kwa mkono. Nikajua: hapa kuna goti lililofungwa bandeji. Na mshono wenyewe ni ule niliokufundisha una miaka tisa, sindano inarudi nyuma nusu hatua ndipo inakwenda mbele. Ulikuwa unaulilia. Ulisema unachelewesha. Sasa umeufanya sawasawa kuliko wangu.

Siku hiyo niliandika barua ya kukuita nyumbani. Niliifunga, nikaibandika stempu. Ikakaa kwenye droo ya cherehani. Kila asubuhi nilisema leo, na kila asubuhi nilikumbuka ule mshono. Nikajiuliza, mtu aliyeonyeshwa geti, anajitengenezea nafasi ya goti ili avae sare na wenzake? Nikasema nisubiri nione. Desemba, Januari. Hawakukuonyesha geti. Na mimi nilikuwa nasubiri jambo la pili, kwamba uniambie wewe mwenyewe. Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi sikutaka kilio kiwe cha kwanza kunifikia.

Umeniambia. Barua ya kwenye droo nimeichana. Kaa umalize.

Nafasi ya kando yangu nimemwachia wa vifungo. Amefurahi, hapa kuna dirisha.

Usimwambie mjomba wako kwamba najua. Mwache aendelee, barua zake ndizo zinazotuchekesha huku.

Mama yako

*

Chumba cha Dobi
24 Februari

Dada yangu,

Barua yako ya maneno manne nimepokea. "Nakuja fainali. Nitafutie kiti." Dada, hivyo ndivyo mtu anavyomwandikia ndugu yake mwenye shinikizo la damu?

Lakini karibu, karibu sana. Fainali ni tarehe tisa Machi saa nane mchana, hapa hapa kwenye ukumbi wetu. Tumeshinda ishirini na tano kwa ishirini na tano, na wale tunaokutana nao wameshinda ishirini na nne. Watu watakaa hadi madirishani.

Kiti usihangaike. Nakuachia kile changu cha mbele, tiketi hiyo hapo ndani. Siku hiyo mimi nitakuwa na kocha mahali fulani, mambo ya kiufundi, huwezi kuelewa.

Neno moja la kitaalamu nikutayarishe. Timu kubwa huwa haitumii silaha zake zote. Ukimwona binti yako amekaa benchi kidogo, au zaidi ya kidogo, au tuseme mpaka mwisho, usishtuke. Kocha anamtunza. Dhahabu haichezewi kila siku.

Mdogo wako anayekupenda,
Dobi Mkuu

*

Kiwandani
12 Machi

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Basi la kurudi liliondoka saa kumi na mbili kamili, nusura liniache, ndiyo maana sikuweza kukutafuta zaidi ya nilivyokutafuta.

Kuhusu goti, pumua. Nalijua tangu Desemba. Ukitaka kumvalia mtu jezi, punguza kitambi kwanza. Mwanangu ameniandikia mwenyewe, nimemjibu, anabaki chuoni mpaka amalize. Hilo limekwisha. Hakuna aliyekukasirikia, na wa vifungo anakusalimia sana, sijui kwa nini anauliza kama umeoa.

Nilimwona mwanangu. Hakuingia hata dakika moja, na mimi sijawahi kujivunia mtu hivyo. Baada ya filimbi ya mwisho alikuja nikamshika, nikalia juu ya bega lake kama nilivyokuwa nikilia zamani juu ya lako. Aliniacha nilie. Nilipomuuliza mjomba wake yuko wapi, akasema, "Hilo muulize mwenyewe, mama, mimi nilishaahidi."

Basi nakuuliza. Nilipokaa kwenye kile kiti nilimwambia mwanamke wa pembeni, hiki ni cha mdogo wangu, amekikalia msimu mzima. Akanitazama. Akasema yeye hajakosa mechi, na hapa siku zote hukaa mwalimu mmoja mwenye fimbo, leo tu amehamishwa. Nikaona labda anachanganya. Lakini mechi nzima nilikuwa nageuka. Nilimtazama kocha, hukuwa naye. Milangoni, ngazini, madirishani, hukuwepo.

Nilipofika nyumbani nilitoa barua zako zote nikazisoma upya. Mdogo wangu, umeniandikia vishindo, umeniandikia filimbi, fyuu ya kamba na kiatu kinachoburuzwa. Hakuna mahali ulipoandika uso wa mtu. Miezi saba, hata uso mmoja.

Sikugombezi. Nauliza tu. Ulikuwa wapi?

Dada yako

*

Chumba cha Dobi
18 Machi

Dada yangu,

Barua hii haina chumvi, utaivumilia.

Chumba changu kiko chini ya ukumbi. Chini kabisa, ngazi kumi na tisa, dirisha lenyewe linaonyesha miguu ya wapita njia. Juu ya kichwa changu ni dari, na juu ya dari ni ile sakafu. Siku ya mechi ndiyo siku ya kazi: taulo za robo ya kwanza lazima ziwe zimekauka kabla ya robo ya tatu, kisha za wageni, kisha maji yamemwagika wapi, dobi lete kitambaa, unampa mtu mlangoni, mlango unafungwa. Dobi hapandi.

Mechi ya kwanza nilisimama juu ya ndoo nikaegesha sikio kwenye bomba. Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Baada ya mwezi nilikuwa najua nani ana mpira, nani amechoka, nani ameumia anaficha. Kilichonishinda kukijua ni kwamba mmoja hakuwa na miguu kule juu. Nilikuwa nachukua vishindo vya nahodha nampa mtoto wako. Mpaka jezi iliponiambia.

Unauliza kwa nini nilikudanganya, au hukuuliza lakini najijibu. Uliniambia niwe macho yako. Ni mara ya kwanza tangu nizaliwe kuniomba kitu, siku zote mimi ndiye mwombaji. Nikaona haya kukwambia kwamba huku nina masikio tu.

Kocha alikuja hapa chini wiki mbili kabla ya fainali. Hajawahi kushuka. Akasema, "Dobi, miezi saba wasichana wangu hawajawahi kuvaa nguo yenye unyevu. Fainali panda." Akanipa tiketi. Moja. Mstari wa mbele, alimhamisha mwalimu fulani. Nilipasi shati nikalitundika pale mlangoni. Kesho yake ikafika barua yako ya maneno manne.

Kwa hiyo siku ile nilikuwa juu ya ndoo yangu. Mwishoni nilisikia mtu mmoja akisimama upande wa benchi, mguu mmoja mzito mmoja mwepesi, nikasema huyu ni wetu. Nikasikia anaita, sikushika neno. Nahodha akabadilisha upande. Hodi, hodi, kimya. Kimya kirefu sana, dada. Halafu dari ikaniangushia vumbi kichwani na mimi nikakumbatia mashine ya kufulia. Tumeshinda kwa pointi tatu tu! Msimu mzima hamsini, na siku uliyokuja ni tatu.

Mifuko ilipoteremshwa nilifungua wa kumi na nne kwanza. Jezi ilikuwa mbichi. Nikapiga kelele, kaingia, kaingia! Kisha nikaiangalia vizuri. Jasho huanza mgongoni na kifuani. Hii mgongo ulikuwa mkavu, imelowa bega la kulia tu, mahali pa upana wa uso wa mtu. Sikuelewa mpaka barua yako. Bado sijaifua. Mara ya kwanza katika kazi yangu nguo imekaa siku tisa.

Sasa zamu yako. Wewe ndiye uliyeona. Anza mlangoni, usiruke kitu, na usiniandikie vishindo, hivyo ninavyo vya kutosha. Nahodha ana sura gani? Namba saba ni mweusi au maji ya kunde? Mtoto wetu aliposimama, uso wake ulikuwaje? Andika taratibu, mimi darasa la tano.

Na ile bahati niliyokuringia mwezi wa tisa, dada, ilikuwa uongo. Kiti sikuwahi kuwa nacho. Sijaona mechi hata moja.

Mdogo wako,
Dobi